TUYAMALIZE KIFAMILIA: maneno mawili yanayoozesha watoto wetu

SEHEMU YA 1: Swali mlilonitumia

 

Wiki hii tunaacha kidogo mambo ya chanjo na uji wa mtoto. Tangu niandike kuhusu mimba za utotoni, kuna swali limekuja zaidi ya mara moja. Maneno tofauti, jambo ni hilohilo: "Nesi, binti ana mimba, ana miaka 16. Upande wa mwanaume wamekuja kujitambulisha, wanasema tuyamalize kifamilia. Ubaya uko wapi?"

Nitajibu kwa sehemu 7. Nitasema wazi, na atakayekasirika namruhusu, ila asome hadi mwisho kwanza.

Watu wa kwetu wakisikia "ndoa za utotoni" wanafikiria mbali. Wanataja Shinyanga, Mara, Tabora. Wanasema hayo ni mambo ya wafugaji, sisi huku tumestaarabika. Mama, kwetu ndoa ya mtoto haina shela wala kadi ya mchango. Kwetu inaanza na mimba, au na fununu ya mimba, halafu kikao cha wazee sebuleni, halafu binti anahama na begi lake la shule likiwa na nguo badala ya madaftari. Hakuna anayesema "tumeozesha mtoto". Wanasema "tumeyamaliza".

Na hali si ndogo. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2022 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini, 22 walishawahi kupata mimba. Mkoa ulioongoza Tanzania nzima ni Songwe, 45 kati ya 100. Songwe ni jirani yetu kabisa, hadi 2016 ilikuwa ndani ya mkoa wa Mbeya. Ni ndugu zetu, shangazi zetu wako huko. Kwa hiyo tusinyooshee kidole Kanda ya Ziwa.


SEHEMU YA 2: Kikao kinavyokwenda

Mnakijua kikao hiki, wengi mmekipikia chai.

Wanakuja wazee watatu wanne wa upande wa mwanaume. Wanapiga magoti, wanaomba radhi. Wanaanza na faini ya "kuharibu". Kisha mahari, nusu sasa, nusu baada ya mavuno. Akiwa ni mtu wa Usangu, anaahidi baada ya kuuza mpunga. Akiwa wa Chunya, anaahidi dhahabu ikitoka. Pengine balozi yupo, pengine hata mtendaji yupo, anakunywa soda. Baba anatoa masharti kwa sauti kubwa ili ionekane kweli ana uchungu. Mama yuko jikoni. Binti yuko chumbani, haitwi. Akiitwa, ni kuulizwa swali moja: "Unamfahamu huyu?" Akiinamisha kichwa, basi, amekubali.

Sasa jiulize, katika kikao hicho nani alikuwa na shida na nani ametatuliwa shida yake? Mwanaume alikuja na hofu ya kufungwa, anatoka akiwa mkwe. Baba alikuwa na aibu, anatoka na pesa mkononi na heshima imerudi. Wazee wamekula. Binti aliingia na mimba na miaka 16, anatoka na mimba ileile na miaka ileile, ila sasa hana shule, hana kwao, na anakwenda kulala kila usiku na mtu aliyemwogopa kumtaja mwanzoni.

Halafu tunasema yameisha! Yameisha kwa nani?

Na kama kesi ilishafika polisi, ndiyo hufia hapo. Shahidi mkuu ni binti. Binti kahamishwa wilaya nyingine, au kafundishwa kusema "ni mume wangu nampenda". Siku ya mahakama mama hatokei, baba ana safari ya shambani. Kisha mtaani tunalalamika kwamba serikali haifungi wabakaji. Serikali itamfungaje wakati nyumbani kwako anaitwa "baba wa mjukuu"?


SEHEMU YA 3: "Lakini sheria si inaruhusu miaka 15?"

Hapa wanaume wa kikao huwa wanajidai wanasheria, kwa hiyo twende taratibu.

Ni kweli Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, inasema mwanaume aoe akiwa na miaka 18 na msichana aolewe akiwa na 15. Hata 14, mahakama ikiruhusu. Kifungu cha 17 kinasema akiwa chini ya 18 baba atoe ridhaa, na kama baba amefariki, mama. Kwa hiyo saini hiyo inaweza kuwa ya kwako, mama.

Sasa sikiliza upande wa pili. Sheria ya Kanuni ya Adhabu inasema kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, hata kama alikubali. Kifungo chake kuanzia miaka 30. Ila kuna nafasi moja imeachwa: isipokuwa kama ni mke wake, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Umeielewa hiyo? Mwanaume yuleyule, mtoto yuleyule, kitendo kilekile. Bila ridhaa ya mzazi ni jela. Kwa ridhaa ya mzazi ni ndoa. Ndiyo maana wanakuja haraka na wazee. Wanaitafuta ile ridhaa. Kinachonunuliwa kwa mahari ile ni usalama wa mwanaume.

Tena mwambie na hili: ndoa ya leo haifuti kosa la miezi minne iliyopita. Lilipotendeka hakuwa mke wake.

Kama binti ni mwanafunzi wa msingi au sekondari, hapo hata huo mlango wa miaka 15 haupo. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inasema anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi, miaka 30. Na anayesaidia au kushawishi mwanafunzi aolewe, faini isiyopungua milioni 5 au miaka 5 jela, au vyote viwili. Wazee wa kikao wapo humo. Baba yupo humo. Mama pia.

Ndipo ule ujanja unapozaliwa: "Asubiri amalize la saba." Wapo wazazi wanaomwambia mtoto ajifelishe mtihani makusudi ili asichaguliwe, aache kuitwa mwanafunzi. Mtoto mwenye akili anaagizwa aandike upuuzi kwenye karatasi ya mtihani! Huu ni ukatili, hata kama haukuacha alama mwilini.

Kifungu hicho cha 13 na cha 17 vilipingwa mahakamani. Dada mmoja Mtanzania, Rebeca Gyumi wa Msichana Initiative, alifungua kesi, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, serikali ivirekebishe ndani ya mwaka mmoja iwe 18 kwa wote. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ile. Hadi 2024, kitabuni bado ilikuwa imeandikwa 15. Wakati huohuo ukivuka mto Songwe pale Kasumulu, Malawi walishabadilisha Katiba yao 2017 ikawa 18. Ukivuka Tunduma, Zambia walipitisha 18 mwishoni mwa 2023. Jirani zetu wa pande zote mbili za mpaka wameweza. Wabunge wetu wa nyanda hizi wanakuja kwenye kampeni wakigawa vitenge. Waulizeni hili.


SEHEMU YA 4: Sasa nongea kama nesi

Waziri hayupo hapa, mwanasheria hayupo. Hapa ni wodi ya wazazi, na hapa najua ninachosema.

Binti wa miaka 14, 15, 16 anaonekana amekomaa. Ana kifua, ana nyonga kwa nje. Ndani nyonga bado inakua. Mtoto anataka kupita njia ambayo haijamaliza kupanuka. Hiyo tunaita uchungu pingamizi. Anakaa na uchungu siku nzima, siku mbili, na kama yuko kijijini kwa mume ambako barabara ni tope na mama mkwe anasema "jikaze, sisi tulizaa", kichwa cha mtoto kinabana nyama za njia ya uzazi hadi zinakosa damu na kufa. Mtoto mara nyingi anapotea. Yeye akipona anabaki na tundu: mkojo unatoka wenyewe saa zote, wakati mwingine na haja kubwa. Hiyo ndiyo fistula. Mume aliyepiga magoti kwenye kikao, wengi wao hapo hawaonekani tena. Fistula inatibika kwa upasuaji, na CCBRT Dar wanaifanya bure. Lakini mtoto wa miaka 16 kunuka mkojo na kufichwa chumba cha nyuma, hilo halikuwemo kwenye mahari.

Kuna kifafa cha mimba. Wasichana wadogo na wanaobeba mimba ya kwanza wanapata zaidi. Mama, shika hizi dalili: kichwa kuuma sana, kuona nyota au ukungu, kuvimba uso na mikono, maumivu makali juu ya tumbo. Usisubiri asubuhi, mlete. Akianza kukakamaa na kutupa mikono si pepo wala hajarogwa, ni presha. Duniani kote matatizo ya mimba na kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19.

Kuna upungufu wa damu. Kuna njiti na watoto wa chini ya kilo 2.5. Mama ambaye mwili wake bado unakua anagombea chakula na mtoto aliye tumboni. Utafiti wa 2022 ulikuta Iringa inaongoza nchi nzima kwa udumavu, 57 kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano. Iringa ya mahindi, maharage, viazi na maziwa! Udumavu una sababu nyingi, sitasema ni hii tu. Lakini ukimfanya mtoto awe mama, usishangae mtoto wake akianza maisha akiwa nyuma.

Na kuna UKIMWI, tusionee haya. Utafiti wa 2022/23 ulionyesha kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Taifa ni 4.4. Yaani hapa kwetu ni kama mtu mzima mmoja katika kila 10. Sasa unamchukua binti wa 16 unampa mwanaume wa miaka 30 ambaye hujui ametembea wapi, Makambako, Tunduma, Chunya. Mtoto huyo atamwambia nini kuhusu kondomu? Atamwambia "twende tukapime" kwa sauti gani? Tunawaona kliniki. Anaulizwa umri, anatazama kwanza mlangoni, ndipo anajibu "19".


SEHEMU YA 5: Majibu yenu nayajua

"Bora aolewe kuliko kuzalia nyumbani." Bora kwa nani? Kuzalia nyumbani kuna aibu ya miezi sita, majirani watachoka watatafuta habari nyingine. Nyumbani kuna wewe. Huko anakokwenda kuna mama mkwe ambaye amepata mfanyakazi wa bure.

"Bibi zetu waliolewa na 14 wakazaa tisa." Bibi anayekusimulia ni yule aliyepona. Aliyekufa na mtoto tumboni hana mjukuu wa kumsimulia. Muulize bibi vizuri, muulize dada zake walikuwa wangapi na wangapi walifia uzazi. Akinyamaza, umejibiwa.

"Mwanaume akifungwa, nani atalisha mtoto?" Hili ndilo swali gumu na sitalidharau, maana najua ninyi ndio mtakaonunua maziwa. Ni kweli, mtu aliye gerezani haleti unga. Lakini niambie ukweli: wangapi mnaowajua waliopewa binti hivi, wakakaa naye, wakamtunza miaka mitano? Na wangapi walimrudisha na watoto wawili? Anarudi na miaka 19, hana cheti, na mzigo ule ulioukwepa sasa ni mara mbili. Gharama utazilipa tu. Afadhali uzilipe sasa akiwa na mtoto mmoja na bado ana nafasi ya kusoma.

"Aliyempa mimba ni mwanafunzi mwenzake, naye mtoto." Basi una watoto wawili wenye shida. Kuwaweka chumba kimoja hakuwafanyi wazazi. Familia mbili zikae zipange malezi ya mtoto atakayezaliwa, na wote wawili wabaki watoto wa nyumbani kwao. Kikao cha namna hiyo naunga mkono.

"Binti mwenyewe anataka." Kwa miaka 16 alitaka pia kuacha shule akawe msanii, ulimkubalia?


SEHEMU YA 6: Kabla ya kikao

Wanaume hawa hawaanguki kutoka mbinguni. Kuna milango tunaiacha wazi.

Mlango wa kwanza ni geto. Sekondari iko mbali, hosteli hakuna au tumeshindwa mchango, tunampangia binti wa kidato cha pili chumba mtaani, jiko la mkaa na gunia la mahindi. Mahindi yakiisha na nyumbani ni kilomita 20, kuna bodaboda anayempa lifti na chipsi. Mama, kabla hujapanga chumba, tafuta ndugu, tafuta mama mwingine wa kanisani au msikitini anayekaa karibu na shule. Wazazi wanne wenye mabinti pale mkichangia kuweka bibi mmoja akae nao, ni rahisi kuliko mimba moja. Na kwenye mkutano wa kijiji, hosteli ya wasichana iwe ajenda kabla ya ofisi ya mtendaji kupakwa rangi.

Mlango wa pili ni kazi za ndani. Iringa tunajulikana nchi nzima kwa kutoa mabinti wa kazi. Mtoto wa 14 anapelekwa Dar na mtu "anayefahamika", baada ya mwaka anarudi na tumbo. Huyo naye huwa anafanyiwa kikao, wa haraka zaidi.

Mlango wa tatu ni vitu vidogo. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Lakini sare, madaftari, chakula cha shule na pedi bado ni pesa, na binti asiyepewa na mzazi atapewa na mwingine. Ukiuza debe la mahindi, pedi zitoke humo kabla ya vocha.

Mlango wa nne ni mdomo wetu. Mazungumzo ya mwili tunamwachia shangazi, shangazi yuko Morogoro. Mwambie mwenyewe mimba inaingiaje. Mwambie akishikwa na mtu, hata akiwa baba mdogo, aje akuambie na hutampiga.

Na mlango wa tano ni karatasi: cheti cha kuzaliwa. Kesi nyingi zinategemea kuthibitisha umri. Mwanaume anaapa "aliniambia ana 19" na wewe huna cheti. Mbeya tulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kabisa, 2013, kuanza kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Hakuna sababu ya mtoto wako kukosa. Wa zaidi ya mitano, nenda RITA ofisi ya wilaya. Mwaka huu, siyo mwakani.


SEHEMU YA 7: Kama limeshatokea

Kwa wale mlionitumia swali, haya ndiyo majibu.

Kama ametendewa siku hizi mbili tatu, mlete hospitali kabla ya saa 72 kwisha. Kuna dawa za kuzuia VVU na za kuzuia mimba. Asioge kwanza, na nguo alizovaa mzilete. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, pale anakutana na daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja.

Kama ni mimba, mlete kliniki mapema, na sema umri wake wa kweli. Tukijua ana 15 tunajua nini cha kuangalia na wapi ajifungulie. Ukitudanganya ana 20, umetufunga macho. Ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata kama mimba imekwenda vizuri.

Ripoti. Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi. Afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri. Kama mtendaji ndiye aliyekunywa soda kwenye kikao, mpite. Piga 116, ni namba ya kusaidia watoto, ni bure.

Matunzo ya mtoto hayahitaji ndoa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi atunze mtoto wake, ameoa au hajaoa, na unaweza kudai kupitia ustawi wa jamii na mahakama. Akija na unga, pokea unga wa mjukuu. Binti usitoe.

Shule haijaisha. Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Ndalichako, alitangaza kwamba wanaoacha masomo kwa sababu ya mimba waruhusiwe kurudi. Mwalimu mkuu akikukatalia, nenda kwa afisa elimu na umtajie tangazo hilo. Asipotaka kurudi darasa lilelile, kuna vituo vya elimu ya watu wazima na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, anasoma na ushonaji au umeme humohumo.

Na siku wakija wale wazee, usikae jikoni. Toka na kanga yako, kaa sebuleni, sema hivi: "Karibuni chai. Mjukuu tutalea. Mtoto wangu haolewi." Baba wa nyumba akikukatalia, mwite kaka yako, mwite mchungaji au shehe, mwite mwalimu wake. Malawi, wilaya ya Dedza, chifu mwanamke Theresa Kachindamoto alivunja mamia ya ndoa za watoto na kuwarudisha shuleni, na machifu wa chini yake walioziruhusu akawasimamisha. Alianza akiwa mwanamke mmoja kwenye kikao cha wanaume.

Mtumie dada yako aliyeko kijijini, maana yeye hana bando la kuperuzi. Maswali wekeni hapo chini, ya siri nitumieni pembeni, nitajibu nikitoka zamu. Jumatatu tunarudi kwenye uji wa lishe kama kawaida.